Fungua Ukurasa: Namna ya Kulinganisha Komiki za Mashujaa za Zamani na za Sasa

Kijiweni kwetu Buguruni mabishano ya komiki yana kambi mbili. Ya kwanza inaongozwa na mzee aliyekuwa baharia, ambaye miaka ya sabini alikuwa akinunua komiki za Kimarekani kwenye bandari za ugenini na kurudi nazo nyumbani. Kwake ya kale ni dhahabu, mjadala umefungwa. Kambi ya pili ni vijana wanaosomea kwenye simu, na kwao kipya kinyemi. Mimi ni fundi wa mashine ya ofseti. Nashinda na wino na karatasi, na komiki za mashujaa nazipenda tangu utotoni, kwa hiyo naumia zikijadiliwa ovyo. Kujadili ovyo ni hivi: mmoja analeta kumbukumbu ya alipokuwa mdogo, mwingine analeta filamu aliyoiona mwezi uliopita, na wote wawili wanahukumu komiki ambayo hakuna aliyeishika.

Dawa tuliyoipata ni kwamba ukurasa uwe wazi mbele ya kila mtu kabla yeyote hajasema kipi bora. Yanayofuata ni namna ya kulifanya hilo.

Chagua tukio moja lililosimuliwa zaidi ya mara moja

"Nani mkali, Spider-Man wa zamani au wa sasa?" Swali hilo halina jibu. Mhusika ana zaidi ya miaka 60 na amepita mikononi mwa waandishi wengi mno, kwa hiyo kila mtu atachomoa kipande kinachomfaa. Chukua tukio moja na uyaweke masimulizi yake sambamba. Kwa Spider-Man tukio lipo tayari: alivyopata nguvu, na alivyofiwa na baba yake mkubwa, Ben, aliyemlea.

Simulizi la kwanza limo kwenye Amazing Fantasy namba 15, ya Agosti 1962, kazi ya Stan Lee na Steve Ditko. Ni kurasa 11 tu. Humo Peter Parker anachekwa na wanafunzi wenzake, anaumwa na buibui mwenye mionzi kwenye maonyesho ya sayansi, anamshinda mpiga mieleka kwa dola 100, anajishonea vazi, anatokea kwenye televisheni, anamwacha mwizi apite, anafiwa, anamfuata muuaji na kumkuta ni mwizi yule yule. Mwaka 2000 Brian Michael Bendis na mchoraji Mark Bagley walisimulia upya mambo hayo hayo kwenye Ultimate Spider-Man, na wakahitaji matoleo saba. Kisha Januari 2024 Jonathan Hickman na Marco Checchetto wakaanza mfululizo mwingine wenye jina hilo hilo, ambamo Peter ni mtu mzima mwenye mke na watoto wawili ndipo anapata nguvu, na Ben yuko hai.

Sasa kaeni na kalamu. Hesabuni kurasa kutoka Peter anapoumwa hadi anapofiwa. Andikeni nani anaongea kwenye kila ukurasa, na ni wapi mchoro unabaki peke yake bila maneno. Mtagundua kwamba mwaka 1962 kifo hakionyeshwi kabisa. Peter anafika nyumbani, anakuta gari la polisi, askari anamweleza. Ben hana hata nafasi ya kuaga. Na yale maneno ya nguvu kubwa kuandamana na wajibu mkubwa, ambayo karibu kila mtu ataapa kwamba Ben ndiye aliyeyasema, yamo kwenye kisanduku cha mwisho cha hadithi na anayeyasema ni msimulizi. Ben alikuja kupewa maneno hayo baadaye, na filamu ya 2002 ndiyo iliyoyakaza masikioni mwa watu.

Ugunduzi huo mmoja hubadilisha kikao kizima, maana mpenzi wa zamani anakuta sehemu ya alichokipenda ni ya juzi, na mpenzi wa mapya anakuta kurasa 11 zimebeba mizigo ambayo matoleo saba yanaigawana. Maoni yangu ni haya: kwa Bendis na Bagley unampoteza mtu uliyekwisha kumfahamu, umemsikia akibishana na akicheka mezani. Kwa Lee na Ditko habari inakupiga mlangoni, huna maandalizi yoyote. Mimi naona ya 1962 ina nguvu zaidi kwa sababu ndivyo misiba mingi inavyotufikia. Dogo mmoja wa chuo kijiweni hakubaliani nami, na ana kurasa za kunionyesha, kwa hiyo namheshimu.

Uliza iliuzwa wapi, na mnunuzi alikuwa nani

Kurasa 11 dhidi ya matoleo saba: tofauti hiyo haielezeki kwa kipaji wala uvivu. Inaelezeka kwa biashara. Mwaka 1962 komiki iliuzwa senti 12 kwenye vibanda vya magazeti na maduka ya mtaani, na mnunuzi wa kawaida alikuwa mtoto. Nakala zisizonunuliwa zilirudi kwa mchapishaji. Toleo la mwezi uliofuata huenda lisifike kabisa kwenye kibanda kile, kwa hiyo hadithi ilitakiwa ianze na kuisha mle mle, na kila toleo limpokee msomaji mgeni. Ndiyo maana mashujaa wa wakati ule wanajieleza sana. Mtu anaruka juu ya mapaa huku viputo vya mawazo vikieleza kila anachokifanya, jambo ambalo mchoro umeshalionyesha.

Kuanzia miaka ya 1970 yakakua maduka maalumu ya komiki, yanayoagiza mzigo bila haki ya kuurudisha. Kufikia mwaka 2000 mnunuzi mkuu alikuwa mtu mzima anayepita dukani kila wiki, na mchapishaji alipanga mapema kukusanya matoleo matano au sita yawe kitabu kimoja. Viputo vya mawazo vikapungua sana, ukimya ukapewa ukurasa, mazungumzo ya mezani yakachukua kurasa nne. Toleo la leo lina kurasa kama 20 za hadithi, linauzwa dola 4 au 5, na unaweza kulimaliza kabla chai haijapoa. Mzee wetu analalamika kwamba fedha ni nyingi na hadithi ni kidogo. Kwa toleo mojamoja, yuko sahihi kabisa.

Ila kwa sababu hiyo hiyo tumeweka kanuni: toleo moja la zamani hulinganishwa na mkusanyo wa sasa, kamwe si toleo kwa toleo. Ukimpa mtu toleo la kwanza la mfululizo wa kisasa na kumwambia alipime na Amazing Fantasy 15, umempa sura ya kwanza ya kitabu aipime na kitabu kizima.

Zamani usiifanye kitu kimoja

Utasikia kwamba komiki za zamani zilikuwa za kitoto, na ukatili umeletwa na kizazi hiki. Fungua Action Comics namba 1, ya Juni 1938, Superman wa Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili wa Cleveland waliouza haki zake kwa dola 130. Huyo Superman haruki angani kama ndege, anadunda tu mbali. Anavamia nyumba ya gavana usiku ili kumwokoa mwanamke aliyehukumiwa kifo kwa kosa la mwingine, anamtandika mwanamume anayempiga mkewe, na anambeba mtu wa kushawishi wanasiasa akikimbia naye juu ya nyaya za simu mpaka roho inataka kumtoka. Ni mtu wa hasira, na hasira yake ni ya miaka ya njaa na ukosefu wa kazi Marekani.

Upole uliletwa baadaye, kwa lazima. Mwaka 1954, baada ya kitabu cha daktari wa akili Fredric Wertham na vikao vya Baraza la Seneti kuhusu uhalifu wa vijana, wachapishaji walijiundia chombo cha ukaguzi, Comics Code Authority. Polisi na serikali wasidharauliwe, uovu ushindwe kila mara, na muhuri ukae kwenye jalada. Mwaka 1971 Stan Lee aliombwa na wizara ya afya ya Marekani aandike kuhusu dawa za kulevya. Matoleo ya Amazing Spider-Man 96 hadi 98 yakatoka bila muhuri, na mwaka huo huo kanuni zikalegezwa. Kampuni ya Marvel, wachapishaji wa Spider-Man, iliachana na muhuri 2001, na DC, wachapishaji wa Superman, 2011.

Kwa hiyo mtu akisema "zamani", muulize ni kabla ya 1954, kati ya hapo na 1971, au baada yake. Mara nyingi swali hilo tu linamaliza nusu ya ugomvi.

Rangi: usihukumu mchoraji kwa kosa la mashine

Hapa nitakaa, maana ni kazi yangu. Vijana wanasema komiki za zamani zina rangi mbaya. Mzee anasema marudio ya sasa yameharibu rangi. Wote wanazungumzia uchapaji bila kujua.

Komiki za miaka ya 1960 zilichapwa kwa wino nne, sayani, majenta, njano na nyeusi, kwenye karatasi ya gazeti inayonyonya wino. Kila wino wa rangi ulikuwa na hatua chache: asilimia 25, 50, 100, au usiwepo kabisa. Nne mara nne mara nne ni 64, na hizo ndizo rangi zote alizokuwa nazo mtu wa kupaka rangi. Kuzitenga, yaani kuandaa ukurasa mara moja kwa kila wino, kulifanyika kwa mkono Bridgeport, Connecticut, kazi ya wanawake wengi ambao majina yao hayakuandikwa kwenye ukurasa wowote. Kisha uchapaji wenyewe, kwa sehemu kubwa, ulifanyika Sparta, Illinois.

Tazama Hulk. Toleo lake la kwanza, Mei 1962, ni la kijivu. Kuanzia la pili ni kijani, na sababu iliyotolewa na Stan Lee ni kwamba kijivu kilikataa kutulia, kilikuwa hiki ukurasa huu na kile ukurasa ule. Fundi yeyote wa ofseti atalielewa hilo bila kuelezwa. Kijivu kinafichua kila mtikisiko wa wino, wakati kijani cha sayani na njano kinasamehe. Kwa hiyo moja ya rangi zinazojulikana zaidi duniani iliamuliwa na tabia ya mashine, na mimi kila nikilifikiria hilo naipenda zaidi kazi yangu.

Sasa mchapishaji akirudia ukurasa ule leo kwenye karatasi nyeupe inayong'aa, akaondoa nukta ndogo za wino zilizounda rangi na kujaza rangi bapa, majenta iliyokuwa imetulia kwenye karatasi ya gazeti inapiga kelele. Hicho sicho alichokiona mtoto wa 1962. Unapolinganisha rangi, tafuta skani ya nakala ya kwanza yenyewe. Ikuze kwenye simu mpaka nukta zionekane na karatasi ionekane imekuwa manjano. Ukiziona, uko mahali sahihi. Skani hizo zina faida nyingine: matangazo na barua za wasomaji, ambazo vitabu vya marudio huzitoa, zimo.

Kompyuta zilipochukua kazi ya rangi, hasa miaka ya 1990, kikomo cha 64 kilikwisha. Hapo swali la kuuliza ni moja: je, rangi inaniongoza macho, au inashindana na mstari wa mchoraji? Kuna kurasa za kisasa ambazo kila msuli umewekewa nuru na kivuli mpaka sura haionekani. Kuna nyingine ambazo rangi peke yake inasimulia machweo, homa, au hofu. Zote ni za leo.

Na kuna jambo la ngozi. Kahawia kwa wino zile ilikuwa mchanganyiko wa nukta za rangi tatu, na pleti, yaani bati la kuchapia, ikihama kidogo tu uso unakuwa tope. Stan Lee alikuwa akisimulia kwamba Gabe Jones, askari mweusi kwenye Sgt. Fury ya 1963, alirudi kutoka kwa watenga rangi akiwa amepakwa rangi ya Wazungu, kwa sababu waliomwona walidhani ni makosa. Mtu akikuonyesha mhusika mweusi wa zamani aliyepakwa rangi vibaya, tenganisheni maswali mawili: wino uliweza nini, na watu walidhani nini.

Storm, ambaye tuna haki ya kumjadili kwa ukaribu

Giant-Size X-Men namba 1 ya 1975, iliyoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum, inamleta Ororo, ambaye ndiye Storm, shujaa anayetawala hali ya hewa, akiwa Kenya. Wanakijiji wanamwabudu na kumwomba mvua, naye anainyesha, karibu hajavaa kitu, nywele nyeupe zikimfunika kifua. Anatokea Profesa Xavier, mwanzilishi wa kundi la mashujaa la X-Men, anamwambia yeye si mungu, ni binadamu aliyezaliwa na nguvu, na anaondoka naye. Hadithi ya baadaye, kwenye X-Men 102 ya 1976, ikaeleza kwamba mama yake ni binti wa kifalme wa Kenya, N'Dare, baba yake mpiga picha Mmarekani, na wote walikufa Cairo katika vita vya Suez vya 1956.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana la kusema hapa, na aliseme wazi. Kenya ya 1975 ilikuwa na miaka zaidi ya kumi ya uhuru, na jengo refu la mikutano la KICC lilishasimama Nairobi tangu 1973. Kwenye komiki hakuna mji, hakuna shule, hakuna mkulima mwenye jina. Wanakijiji wapo ili wapige magoti. Na anayemwambia mwanamke huyu yeye ni nani ni mwanamume aliyeingia dakika hiyo kutoka mbali. Hayo yote yamo ukurasani, na hayasafishwi kwa kusema "ndivyo nyakati zilivyokuwa".

Lakini usiishie hapo, maana ukiishia hapo umelinganisha nukta mbili na kuruka njia iliyo katikati. Kwenye Uncanny X-Men 186 ya 1984, Chris Claremont na Barry Windsor-Smith wanampa Storm toleo zima la maombolezo baada ya kupoteza nguvu zake. Mwanzoni mwa 1986, kwenye namba 201, bado hana nguvu na anamshinda Cyclops katika pambano la uongozi wa kundi. Mwanamke mweusi, bila radi wala upepo, anashika uongozi. Hizo ni komiki za zamani pia, na ni shujaa kamili.

Kisha fungua Storm iliyoanza Oktoba 2024, mwandishi Murewa Ayodele, Mnigeria, mchoraji Lucas Werneck. Anaingia kwenye janga la kinu cha nyuklia Oklahoma City na mionzi inamfanya augue. Weka ukurasa huo karibu na ule wa 1975 na uulize mambo matatu: nani anasema Storm ni nani? Watu wanaomzunguka wana majina? Nguvu yake inamgharimu nini? Mwaka 1975 mvua haimgharimu chochote. Mwaka 2024 gharama ndiyo hadithi. Mimi namchagua huyu wa 2024 katika hilo. Kwa uchoraji wa uso wenye huzuni, bado narudi kwa Windsor-Smith.

Adabu ya kikao

Kwetu kijana hawezi kumwambia mzee "unakosea" mbele ya watu, na ni vizuri hivyo. Ukurasa uliofunguliwa ndio unaomsaidia. "Mzee, samahani, tuangalie kisanduku hiki cha tatu." Hapo hampingi mzee, anamwonyesha kitu, na mzee anaweza kubadili msimamo bila kuvunjiwa heshima. Mzee naye anapaswa kumpa kijana muda amalize kusoma kabla ya kumjibu. Simu zipitishwe mkono kwa mkono.

Tajeni mikono yote iliyofanya kazi. Marvel ya miaka ya 1960, mara nyingi Lee alitoa wazo, mchoraji Jack Kirby au Ditko akaipanga na kuichora hadithi nzima, kisha Lee akaweka maneno. Kusema "Stan Lee aliandika" na kuishia hapo ni kumdhulumu mtu. Bill Finger alikaa miongo mingi bila kutajwa rasmi kwa Batman. Jina lake liliingizwa 2015 tu.

Nani angempiga nani, hilo liacheni mwisho, watu wakiwa wamechoka.

Kwa kikao cha kwanza msianze na Storm, anahitaji komiki kadhaa na jioni nzima. Anzeni na Batman, watu wanne au watano. Detective Comics namba 27 ya Mei 1939, ya Bob Kane na Bill Finger, ina hadithi ya kurasa sita tu. Mwaka 2014 mfululizo mpya wa Detective Comics ulipofika namba 27, Brad Meltzer na mchoraji Bryan Hitch waliisimulia upya hadithi hiyo hiyo. Someni ya 1939 kwa sauti, mmoja asome viputo, mwingine asome msimulizi, mpaka mhalifu anapotumbukia kwenye tangi la tindikali. Andikeni anachosema Batman wakati huo. Halafu fungueni ya 2014 na mtafute mahali hapo hapo.